Mpira wa Mkojo Baada ya Matibabu ya Saratani ya Tezi Dume: Yampasayo Mgonjwa, Jamaa Zake na Chama Chake

(Mazungumzo ya muuguzi mstaafu mbele ya semina ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Shinyanga)



Katika semina zenu huzungumzwa habari za mbegu, viuatilifu, mizani na madeni ya pembejeo, na najua kwamba baadhi yenu mlipoiona mada yangu katika ratiba mlijiuliza ina uhusiano gani na ushirika. Ndugu mmoja aliniuliza pale mlangoni kama sikukosea ukumbi. Sikukosea. Fungueni daftari la wanachama wa chama chochote cha pamba katika mkoa huu, mtaona majina ya wazee wengi. Hao ndio waliofikia umri ambao tezi dume huanza kuleta matata, na miongoni mwao wapo wanaotembea na mpira wa mkojo chini ya suruali bila katibu wao kujua. Wengine wameacha kuja mikutanoni, na ninyi mmeandika katika mahudhurio, "hakufika, hakutoa udhuru".

Tezi dume ni kiungo kidogo ambacho kila mwanamume anacho. Kwa kijana hakizidi ukubwa wa ndimu ndogo. Kipo chini ya kibofu, nacho kimeuzunguka mrija upitishao mkojo. Kwa sababu ya mahali kilipo, kikivimba huubana mrija huo, na mkojo hutoka kwa shida, kidogo kidogo, au hukataa kabisa. Si kila uvimbe wa tezi ni saratani. Mwingi ni wa uzee tu. Lakini saratani ya tezi hii ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wengi katika nchi yetu, na wagonjwa wetu wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, ugonjwa umekwisha kuingia katika mifupa ya kiuno na mgongo.

Hapa kwetu kuna sababu moja ya kuchelewa ambayo haipo kila mahali. Tunaishi katika nchi ya malambo na majaruba, na kichocho cha kibofu tunakijua tangu utoto. Mzee akikojoa damu husema, "hiki ni kichocho changu cha zamani", akameza vidonge na kungoja. Huenda kweli ni kichocho. Lakini mwanamume aliyevuka miaka 50 akiona damu katika mkojo hana budi kupimwa tezi na kibofu pia, asitibiwe kwa kukisia.

Wala hakuna aibu katika jambo hili. Mzee Nelson Mandela alipatikana na saratani ya tezi dume mwaka 2001, akatibiwa kwa mionzi, na ulimwengu mzima ukaambiwa. Askofu Mkuu Desmond Tutu aligunduliwa nayo mwaka 1997, akaishi mpaka Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Ikiwa watu wa heshima kama hao hawakuficha, sioni kwa nini mkulima wa Kishapu afiche mpaka mkojo uzibe.

Sasa niingie katika mpira wenyewe. Waganga huuita katheta. Ni mrija laini unaopitishwa katika njia ya mkojo mpaka ndani ya kibofu, na mkojo hushuka kwa mrija huo hadi katika mfuko. Ncha yake iliyo ndani ina puto dogo linalojazwa maji safi yaliyotakaswa, kiasi cha mililita 10 hivi, ili mpira usichomoke. Aina hii ilienea tangu miaka ya 1930 kwa kazi ya daktari Mmarekani aitwaye Frederic Foley. Naomba mlikumbuke puto hilo, maana nitalirudia.

Mgonjwa wa saratani ya tezi hupewa mpira kwa sababu mbalimbali, na sababu ndiyo inayoamua utakaa muda gani. Aliyeondolewa tezi nzima kwa upasuaji hukaa nao kwa kawaida wiki moja au mbili, ili mahali palipoungwa kati ya kibofu na mrija papone. Mpira wa mtu huyo usiguswe na yeyote ila waliompasua au waliopewa maelekezo nao. Ukichomoka kabla ya siku yake, asikubali zahanati yoyote imsukumie mwingine bila kuwauliza kwanza, maana wanaweza kupatoboa palipoungwa. Aliyekwanguliwa tezi ili njia ifunguke hukaa nao siku chache tu. Anayetibiwa kwa mionzi huenda akauhitaji kwa muda, kwa kuwa mionzi huweza kuvimbisha njia.

Kundi kubwa kwetu ni la waliofika wamechelewa. Hao hupewa sindano za kuzuia homoni ya kiume, au huondolewa kokwa. Najua neno hilo linawastua wanaume, basi nieleze. Saratani hii hulishwa na homoni ya kiume, nayo sehemu kubwa hutengenezwa katika kokwa. Mwaka 1941 Daktari Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba homoni hiyo ikiondolewa ugonjwa hurudi nyuma, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hospitali zinapotoa ushauri huu hazimdhalilishi mtu; zinaunyima ugonjwa chakula chake. Baada ya matibabu hayo tezi huanza kunywea, na baada ya wiki kadhaa au miezi michache njia huweza kufunguka, mgonjwa akakojoa mwenyewe.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu wengi wa kundi hilo hurudi nyumbani na mpira pasipo kujua utatoka lini, utabadilishwa lini, wala nani atawakumbusha. Mpira wa kawaida wa rangi ya manjano hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hivi. Ule wa silikoni, ambao ni mweupe wa kuonyesha ndani, huweza kukaa hadi wiki 12. Nimepata kumwona mzee aliyekaa na mpira mmoja tangu wakati wa palizi hadi pamba ikauzwa. Chumvi za mkojo zilikuwa zimelizunguka puto zikawa jiwe, na mpira ukakataa kutoka. Ilibidi apasuliwe. Alipoulizwa kwa nini hakurudi, alijibu kwamba hakuna aliyemwambia arudi. Katika karatasi yake ya kutoka hospitali, ambayo siitaji, mahali pa tarehe palikuwa peupe.

Kwa hiyo mgonjwa asiondoke wodini kabla ya kuuliza maswali matatu: mpira huu ni wa aina gani na umewekwa tarehe ngapi; utabadilishwa tarehe ngapi na wapi; na lini nitajaribiwa kukojoa bila mpira. Majibu yaandikwe. Kama hajui kusoma, aende na anayejua.

Kila siku ambayo mpira unakaa mwilini, kati ya watu 3 na 7 katika kila 100 huanza kuwa na vijidudu katika mkojo. Ukikaa mwezi mzima, karibu kila mmoja anavyo. Hili lisikutisheni, bali lieleweke, maana linaleta makosa mawili yaliyo kinyume cha kila moja. Kosa la kwanza ni la kutibu kisicho ugonjwa. Mzee huona mkojo una ukungu au unanuka, hana homa wala maumivu, naye hutuma mtoto duka la dawa alete antibiotiki. Wiki mbili baadaye hutuma tena. Vijidudu haviishi kwa sababu mpira upo. Vinachofanya ni kuzoea dawa, hata siku ya ugonjwa wa kweli dawa hazifanyi kazi. Mkojo wenye ukungu peke yake dawa yake ni maji ya kunywa na kubadilisha mpira kwa wakati.

Kosa la pili ndilo linaloua. Katika Kanda yetu kila homa huitwa malaria. Mtu mwenye mpira akishikwa na baridi, kutetemeka, homa, maumivu ya kiuno, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, watu wa nyumbani hununua dawa ya malaria na kumfunika blanketi. Huenda vijidudu vya mkojo vimeingia katika damu, naye ana saa chache, wala si siku nyingi. Apelekwe kituo siku ile ile, apimwe malaria kama ilivyo desturi, lakini aseme kwa kinywa chake, au aliyempeleka aseme, "ana mpira wa mkojo". Hata kipimo kikionyesha malaria, bado maneno hayo yasemwe. Tabibu hawezi kuona kilichofichwa ndani ya suruali.

Jambo lingine la haraka ni kuziba. Mkojo ukikoma kushuka, tumbo likajaa chini ya kitovu na kuuma, kwanza tazama kama mpira umejikunja au umekaliwa, kama mfuko umejaa, kama umeinuliwa juu ya kiuno. Kuvimbiwa choo kigumu nako hubana. Usipopata sababu, usingoje asubuhi. Kibofu kikijaa mno mkojo hurudi nyuma na kuharibu figo. Na si lazima kukimbilia Bugando. Ndugu zetu wa upande wa Geita wanakumbuka jinsi mgonjwa alivyongojea kivuko usiku, kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa Juni 2025. Daraja ni neema, lakini mpira ulioziba aghalabu hubadilishwa katika kituo cha afya kilicho karibu, isipokuwa kwa yule aliyepasuliwa karibuni, niliyemtaja.

Wakati wa kungoja, mtu asijaribu kuuvuta. Puto lile limejaa maji. Likivutwa likiwa limejaa litapasua njia ya mkojo, na kovu lake litamtesa maisha yake yote. Wala mpira usikatwe kwa wembe kwa kufikiri maji yatatoka; huenda yasitoke, na kilichobaki kikaingia ndani.

Damu kidogo inayofanya mkojo uwe kama maji ya rosela baada ya mwendo mrefu si ya kutisha, kunywa maji upumzike. Mabonge ya damu, au wekundu mzito usiokoma, ni wa kupelekwa. Na kuna dalili moja ambayo mpira huificha. Saratani hii ikiingia katika uti wa mgongo huweza kuubana, na kwa mtu mwingine dalili mojawapo ni kushindwa kukojoa. Mwenye mpira hawezi kulitambua hilo. Kwa hiyo akiona miguu inalegea au inakufa ganzi, pamoja na maumivu mapya ya mgongo, aende hospitali siku hiyo hiyo. Siku mbili zikipita huenda asitembee tena.

Kuhusu usafi sitasema mengi, maana unahitaji sabuni na maji tu. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, tulipokaa katika vikundi kusikiliza redio kisha tukaenda kuchimba vyoo. Somo la kunawa mikono lilikuwamo, na ni lile lile. Nawa kabla ya kushika mpira na baada yake. Osha mahali unapoingilia kila siku kwa sabuni ya kawaida, bila dawa kali za kuulia vijidudu, bila poda, bila majani ya kienyeji. Asiyetahiriwa airudishe ngozi nyuma, aoshe, kisha airejeshe mbele. Akiiacha nyuma itavimba na kukaba. Mfuko ukae daima chini ya kibofu lakini usiguse sakafu. Umwagwe ufikapo theluthi mbili. Mahali mpira unapoungana na mfuko pasifunguliwe ovyo. Nimeona mipira iliyotumbukizwa katika kidumu kwa sababu mfuko umepasuka na hakuna fedha za mwingine. Kidumu kiko wazi. Ni kama kumwachia mlango mwizi. Usiku mmoja wa kidumu huweza kugharimu zaidi ya mifuko kumi.

Mgonjwa anywe maji hadi mkojo uwe mweupe, yapata lita 2 kwa siku, isipokuwa mwenye moyo au figo aliyeambiwa vingine. Wakati wa kiangazi hili ni gumu, na nimesikia wazee wakipunguza maji makusudi ili mfuko usijae. Mkojo mzito ndio unaofanya chumvi na kuziba. Michembe na matobolwa ni chakula kizuri, lakini viendane na mlenda na papai ili choo kiwe laini.

Shinyanga ni mji wa baiskeli. Mwenye mpira asiendeshe baiskeli katika wiki za mwanzo, na baadaye aulize kwanza, kwa kuwa kiti huubana mpira na kuuvuta kila anapokanyaga. Mpira ufungwe kwa utepe pajani, ukiwa umelegea kidogo. Na ndugu wa machimboni, kutoka Nyarugusu na kwingineko: kushuka katika duara na mpira ni kutafuta madhara, na kusimama katika maji ya matope ya kuoshea mchanga ni hivyo hivyo. Zebaki inayochomwa hudhuru figo na ubongo. Mtu ambaye figo zake zimekwisha kubanwa na mkojo uliorudi nyuma asikae karibu na moshi ule hata kidogo.

Ndugu zangu, lililo gumu kuliko yote haya ni nani atamsaidia mzee nyumbani. Kwa desturi zetu mkwe haoni utupu wa baba mkwe, na binti hali kadhalika. Mzigo wote humwangukia mke, ambaye mara nyingi ni mzee pia na macho yake hayaoni vizuri. Mahali fulani niliona mjukuu wa kiume wa miaka 16 akifundishwa kazi hiyo na muuguzi, naye aliifanya kwa utani wa babu na mjukuu mpaka mzee akawa anacheka. Sijaona mpango ulio bora kuliko huo. Wapo pia walioacha msikiti na kanisa kwa kuhofia harufu. Mfuko ukifungwa vizuri hautoi harufu. Na kwa upande wa sala, masheikh wanayo hukumu ya mtu mwenye udhuru wa namna hiyo, waulizwe.

Mpira ukishatoka, wengi huvuja mkojo kwa wiki au miezi, hasa waliotolewa tezi nzima. Yapo mazoezi ya kukaza misuli kama mtu anayezuia haja katikati. Yafanywe mara nyingi kwa siku, muuguzi ataeleza. Vitambaa safi vilivyofuliwa na kuanikwa juani vyatosha kwa asiye na fedha za kununua pedi.

Sasa chama kinaingiaje? Ushirika wa pamba wa Kanda hii, uliofika mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria, ulizaliwa kwenye mizani. Mkulima alikuwa akipunjwa kwa sababu alisimama peke yake mbele ya mnunuzi. Vyama vikaweka mtu wa kusimama upande wake. Mgonjwa mwenye mpira naye amesimama peke yake, na katibu ni mtu anayejua kutunza tarehe kuliko mtu mwingine yeyote kijijini: tarehe ya mbegu, tarehe ya mkopo, tarehe ya malipo ya pili. Tarehe ya mpira yaweza kukaa katika kitabu chake kidogo cha mfukoni.

Nasema cha mfukoni, si daftari la chama. Habari hii isisomwe mkutanoni, isiandikwe katika mihtasari, wala bodi isiulizwe. Ni mgonjwa mwenyewe atakayemwambia katibu, kwa hiari yake, na katibu asiyeweza kutunza siri asiianze kazi hii. Atawafanya wengine kumi wajifiche zaidi. Siku tatu kabla ya tarehe, amkumbushe. Akikosa nauli kabla ya msimu, chama kiangalie kama mfuko wa maafa unaweza kumkopesha kiasi kidogo cha nauli, mpira na mifuko miwili. Na amkumbushe kwamba kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anastahili kutibiwa bila malipo. Aende na kitambulisho au barua ya serikali ya kijiji, na asione haya kuionyesha dirishani.

Nimeleta mipira miwili mipya, wa manjano na wa silikoni, pamoja na mfuko wake na bomba la kujazia puto. Viko juu ya meza ile karibu na dirisha. Baada ya chai, makatibu waje mmoja mmoja wavishike na kulijaza puto wenyewe, ili ajapo mzee kwao wasiwe wanakisikia kitu hicho kwa mara ya kwanza. Wenye maswali yasiyofaa kuulizwa hadharani, nitakuwa chini ya mwembe ule hadi saa kumi.